Mganga wa Mengo na Daftari Zake

Wasomaji wa kitabu hiki cha Jubilii wamekwisha kuona, katika kurasa zilizotangulia, habari za Maaskofu wetu, na za makanisa yaliyojengwa, na za walimu waliokwenda mashambani na Kitabu mkononi. Sasa twapenda kuandika habari za watu ambao hawatajwi sana katika sherehe kama hizi, nao ni wagonjwa. Walipofika kwa mganga wa Misheni walipokewaje? Waliulizwa nini? Na maneno yao yalitunzwaje walipokwisha kwenda zao? Kwa ajili ya maswali hayo tumemchagua mganga mmoja, Dr. Albert Cook wa Mengo, kwa sababu yeye aliandika.

Huenda mtu akasema, Mengo iko Uganda, nasi wa upande wa Mombasa tuna shirika gani nayo? Hapo zamani pwani na Uganda zilikuwa Dayosisi moja, chini ya Askofu mmoja, Alfred Tucker, hata mwaka 1899 William Peel alipowekwa kuwa Askofu wa Mombasa. Na zaidi ya hayo, Dr. Cook alianza safari yake kwetu, naye aliianza kwa miguu.

Alizaliwa London mwaka 1870, akasoma Cambridge, kisha akajifunza uganga katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 alishuka Mombasa. Njia ya reli ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kutandikwa, basi msafara wake ulikwenda kama misafara yote ya zamani, wapagazi na mizigo yao, kambi jioni, na maji ya kutafuta. Katika msafara huo alikuwamo Bibi Katharine Timpson, mwuguzi, ambaye mwaka 1900 alikuja kuwa mke wa Dr. Cook. Walifika Mengo mwezi wa Februari 1897. Kila chupa ya dawa na kila kisu cha kupasulia kilichotumika pale katika miaka ya kwanza kilipanda bara juu ya kichwa cha mtu, maana reli haikufika ziwani hata mwaka 1901. Mwezi wa Mei 1897 ikafunguliwa hospitali ya kwanza katika kilima cha Namirembe, nyumba ya miti na matete, na paa lake nyasi.

Waganda humwita tabibu *omusawo*. Mtu aliyekwenda kwa omusawo huyu mgeni kwa kawaida alikuwa amekwisha kujaribu dawa za kwao, wala haikuwa ajabu afike akiwa mahututi, amebebwa na ndugu zake. Alikaa barazani pamoja na wengine. Kwanza palisaliwa, kisha waliingia kwa zamu. Naye mganga hakuanza kwa kutoa dawa. Alianza kwa kuuliza.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mganga asiyejua lugha ya mgonjwa hutibu kwa kubahatisha, maana mtu haumwi kwa lugha ya kigeni. Moyo waenda mbio, tumbo lasokota, kichwa chagonga, mwili wachoka, macho yana ukungu. Kila kabila lina namna yake ya kuyasema hayo, na mkalimani akigeuza neno moja tu, ugonjwa nao umegeuka. Dr. Cook alijifunza Kiluganda, kisha akatunga kitabu kidogo cha maneno ya uganga na ya mazungumzo na wagonjwa katika lugha hiyo, ili waganga watakaokuja nyuma yake wasianze gizani. Kwetu kitabu kile ni ushuhuda kamili wa mwendo wake, kwa kuwa asiyetaka kuwasikiliza watu hatungi kitabu cha maswali.

Alipokwisha kuuliza, alitazama na kupapasa na kusikiliza kifua. Kisha aliandika. Kwa mgonjwa aliyelazwa liliandikwa jina lake, umri wake kwa kadiri, kabila lake, na mahali alikotoka. Yakaandikwa aliyoyasema mgonjwa, na aliyoyaona mganga kwa macho yake, na alilolifanya. Na mwisho wa yote ukaandikwa mwisho wenyewe, kama amepona, au amepata nafuu, au ameondoka kama alivyokuja, au amekufa.

Twawaomba walimu walitazame neno hilo la mwisho. Wanajua wao jinsi ilivyo taabu kuandika rejista ya shule kila siku bila kuruka, hasa siku ambayo watoto ni wachache na mkaguzi hayuko karibu. Mganga aliyepasua mtu, naye mtu akafa mikononi mwake, ana sababu nyingi za kutoandika. Tena usiku umeingia, na kesho baraza litajaa. Lakini daftari za Mengo ziliendelea mwaka baada ya mwaka, tangu 1897, zikashika habari za waliopona na za waliokufa pamoja. Hata mwezi wa Novemba 1902, radi ilipoipiga hospitali ikateketea, habari za miaka ile ya kwanza hazikupotea. Hospitali ilijengwa tena, na uandishi ukaendelea.

Kuna watu wasemao kwamba kuandika sana humwondolea daktari uso wa mgonjwa. Jambo hili laweza kuwa kweli. Sisi wenyewe, katika siku za karibu, tumekaa mbele ya daktari (hatumtaji, wala hatutaji mahali) ambaye mkono wake ulikwisha kuandika dawa kabla ya sisi kumaliza kusema panapouma. Tulikunywa dawa ile, homa ikashuka, tukashukuru. Siku chache baadaye ikarudi, ikashuka tena, ikarudi tena. Mara ya pili tukaonana na kijana mwingine, mpole, tena mtu wa maneno machache. Alituuliza neno moja ambalo yule wa kwanza hakuliuliza: "Kabla ya homa, wazee wangu, mlilala wapi?" Tulikuwa tumelala safarini, katika nyumba ya zamani ya udongo. Akaitazama damu yetu, akakuta homa ya papasi. Wote wawili waliandika. Mmoja aliandika ili amalize, na wa pili aliandika alichokwisha kukiuliza.

Na homa hii ya papasi ina habari yake katika mambo ya Mengo. Wazee wetu wa pwani na bara waliwajua papasi tangu zamani, na msafiri mwenye akili hakutandika mkeka wake karibu na ukuta wa nyumba ya njiani. Lakini waganga wa Kizungu walikuwa wakiichanganya homa hiyo na malaria. Dr. Cook alikuwa miongoni mwa waganga wa Uganda waliotangaza mwaka 1904 kwamba wameviona katika damu ya wagonjwa vidudu vyembamba vilivyojipinda kama kizibuo. Na katika mwaka huo huo Ross na Milne, waganga wa Serikali ya Uganda, walionyesha kwamba homa ile huletwa na papasi. Kuumwa kwa wasafiri kulikuwa kumesemwa barazani miaka mingi. Lililokuwa jipya ni mtu wa kulisikia neno la barazani na kulipeleka mpaka kwenye hadubini.

Lakini jambo kubwa la miaka ile lilikuwa malale. Mapema mwaka 1901 Dr. Albert Cook na ndugu yake, Dr. John Howard Cook, aliyekuja kumsaidia, waliwapokea wagonjwa ambao hawakufanana na wengine. Walikuwa wamekonda, wamelegea, wakisinzia katikati ya maneno yao wenyewe, na tezi za shingo zimevimba. Ingalikuwa rahisi kuandika "homa" na kuita mgonjwa wa pili. Wale ndugu wawili hawakufanya hivyo. Walisema, ugonjwa huu ni ule wa usingizi uliojulikana Afrika ya Magharibi na Kongo, nao umeingia Uganda. Wakatoa habari. Ndio walioutambua kwanza katika nchi ile.

Damu ya wagonjwa wakaitia chini ya hadubini, wakaona minyoo midogo sana, wakadhani labda hiyo ndiyo asili ya ugonjwa. Katika jambo hilo walikosea. Minyoo ile ilikuwamo kweli, lakini haikuwa mwenye kosa. Mwaka 1902 wakaja waganga wa uchunguzi kutoka Uingereza, wakakaa Entebbe. Mwaka 1903 Aldo Castellani akakiona kimelea cha namna nyingine katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na David Bruce akaonyesha kwamba mchukuzi wake ni mbung'o. Basi mtu aweza kusema kwamba akina Cook walishindwa. Sisi hatusemi hivyo. Waliandika walichokiona mbali na walichokidhani, na kwa sababu hiyo waliokuja nyuma yao waliweza kukitupa cha pili na kukitumia cha kwanza. Lakini ujuzi haukuwa dawa. Zaidi ya watu 200,000 walikufa kwa malale Uganda katika miaka ile, hasa Busoga na pwani ya ziwa na visiwani, hata Serikali ikawahamisha watu waliosalia ili wawe mbali na mbung'o. Wako waliolazwa Mengo ambao mganga hakuwa na neno la kuwapa ila kuwatunza, kuwaombea, na kuandika siku yao.

Yatupasa sasa kuandika jambo ambalo katika vitabu vya Jubilii mara nyingi hurukwa. Tuliacha shaka kidogo kama litafaa hapa, kisha tukaona kwamba Kanisa lisilotaja makosa yake halina haki ya kutaja kazi zake.

Mwaka 1908 Kanali Lambkin, mganga wa jeshi la Waingereza, alitangaza kwamba kaswende imeishika Uganda hata zaidi ya nusu ya watu wanayo, na ya kuwa taifa la Waganda laweza kwisha. Katika sababu alizozitaja alitia na kuingia kwa Ukristo, kwa kuwa, alisema, umewalegezea wanawake kamba. Sehemu ya neno hili la wingi wa ugonjwa alilipata kwa Dr. Cook, naye Dr. Cook kwa miaka mingi alilikubali na kulihubiri. Aliona vidonda vingi, mifupa iliyooza, watoto waliozaliwa wamekufa, akahesabu vyote kuwa matunda ya zinaa. Mwaka 1913 zikatungwa sheria za kuwalazimisha watu kupimwa, na hospitali ya Mulago ikaanza mwaka huo huo kwa ajili ya magonjwa haya. Fikiri, wewe msomaji, jinsi ilivyokuwa kwa mke wa mtu, mama wa watoto, Mkristo aliyebatizwa, kuitwa mbele ya mgeni apimwe kwa amri, si kwa sababu ameumwa bali kwa sababu ni Mganda.

Miaka mingi baadaye Profesa Davies wa Makerere aliichunguza habari hii upya, na mwaka 1956 akaandika kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa ule yaelekea haikuwa ya zinaa hata kidogo. Yako magonjwa ya jamaa moja na kaswende, buba ikiwa moja wapo, ambayo mtoto huyapata kwa kucheza na kulala na wenzake, nayo huacha alama zifananazo sana. Siku zile hakuna aliyeweza kuyatenga kwa urahisi. Kipimo cha damu chenyewe kilianza mwaka 1906 tu, tena hata hicho hakitengi buba na kaswende. Kwa hiyo hatumlaumu Dr. Cook kwa kutojua. Twaona tu kwamba mganga yule yule, alipokaa mbele ya mtu mmoja na daftari yake, alikuwa mwangalifu asiyetaka kusema zaidi ya alichokiona. Na aliponyanyuka na kusema habari za taifa zima, uangalifu ule ulimwacha, akanena kama hakimu. Kidonda alikiona kweli. Lakini zinaa hakuiona, aliidhania, na safari hii dhana haikuandikwa mbali na neno lililoonekana.

Hata hivyo katika khofu ile ile lilitoka jambo jema, nalo ni kazi ya mkewe. Bibi Cook alikuwa amewaona mama wengi mno wakiletwa baada ya siku tatu za uchungu, mtoto amekwisha kufa. Mara baada ya Vita Kuu ya kwanza alianzisha pale Mengo shule ya wakunga, iliyoitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana. Wasichana wa Kiafrika walifundishwa kuzalisha, wakaandikiwa kitabu kwa Kiluganda, wakapelekwa kukaa vijijini. Mwanamke aliyekuwa akiogopa kwenda kwa mwanamume wa Kizungu sasa alipokewa na msichana aliyemwamkia kwa heshima ya kwao na kumwita kama mtu wa nyumbani. Katika mambo yote ya Mengo hili ndilo tunalodhani wagonjwa wenyewe wangalilitaja kwanza, kama wangaliulizwa.

Na kabla ya shule ile, wakati wa vita yenyewe, Mengo ilipokea askari na wapagazi wa vita, wale ambao jina lao limebaki katika mitaa ya Kariakoo ya miji yetu. Walifika na kuhara damu, na homa, na nyayo zilizopasuka. Mikono haikutosha. Mwaka 1917 Dr. Cook akaanza kuwafundisha vijana wa Kiafrika uganga, wapate kuwa wasaidizi, wala si wafagiaji wa hospitali tu. Mwaka 1924 Serikali ikaanza mafundisho ya uganga Makerere, na huko wakasoma baadaye vijana wa Kenya na Tanganyika pia.

Dr. Cook aliiacha kazi ya hospitali mwaka 1934, lakini hakurudi kwao. Alikaa karibu na Kampala. Mkewe alifariki mwaka 1938, naye mwaka 1951, akazikwa Namirembe, karibu na kanisa kuu.

Daftari zilibaki. Kwa muda hazikuwa na kazi ila kushika vumbi. Kisha, mwaka 1958, Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, aliandika habari za uvimbe mbaya wa taya aliouona kwa watoto wengi wa Uganda. Uvimbe huu hukua upesi, husukuma meno, hulifunga jicho, na mtoto hufa katika muda wa miezi michache. Wataalamu wakauliza kama ugonjwa huu ni mpya, kama umeletwa na vyakula vipya, au dawa, au desturi za kigeni. Tena ilikuwako fikira ya zamani, iliyopendwa na wengi Ulaya, kwamba saratani ni ugonjwa wa wastaarabu, na ya kuwa Waafrika hawaipati ila kwa nadra.

Ndipo Davies, yule tuliyemtaja, pamoja na wenzake, wakaziendea daftari za Mengo. Mwaka 1964 wakatoa matokeo yake, saratani katika watu wa nchi moja tangu 1897 hata 1956. Na katika majina ya walioandika yamo ya Owor na Mtimavalye, Waafrika waliosomea uganga pale pale Makerere. Walifungua kurasa za miaka ya mwanzo wa karne ya ishirini wakawakuta watoto. Uvimbe wa taya uliandikwa, mahali ulipoanzia, ukubwa wake, siku ulipoonekana. Mganga hakuujua jina, kwa kuwa haukuwa na jina bado. Alikuwa amewapokea mama zao, akauliza, akatazama, akaandika, na hakuna shaka kwamba mama wale walirudi kwao bila faraja. Lakini sasa ilijulikana kwamba ugonjwa ulikuwako tangu zamani, na kwamba sababu yake haipasi kutafutwa katika vitu vilivyoletwa juzi. Katika miaka ile ile ya 1960 zilikuwa zikijaribiwa dawa za kuuyeyusha, na watoto wengi waliopewa dawa hizo walipona.

Daftari zenyewe zimehifadhiwa Makerere, katika maktaba ya uganga iitwayo kwa jina la Albert Cook. Maandishi ni ya mkono, na wino wa kurasa nyingine umefifia. Jina la mtoto limo, na kabila lake, na mahali mama yake alikotoka kumleta.